Akapimwe Akili

Mwalimu wa darasa hakuwa na nia mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye watoto wengi kuliko madawati, na siku alipomwita Mama Chiriku shuleni alichagua maneno yake vizuri sana, yote isipokuwa mawili ya mwisho. Alisema mtoto ni msafi. Alisema hana ugomvi na mtu. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Ila kusoma bado kabisa, mama, na mwaka huu ndio wa mtihani wa kumaliza. Mimi naona akapimwe akili."

Akapimwe akili! Kuna mtu mzima asiyejua maneno hayo yanatumika wapi? Ukigombana na jirani kwa ajili ya maji machafu, ndiyo unayomrushia ng'ambo ya ukuta. Dereva akikukosakosa barabarani, ndiyo unayompigia kelele. Mama Chiriku aliyapokea usoni, akabaki anamtazama mwalimu bila kupepesa. Mwalimu akaendelea kueleza: kuna kituo, kuna mtaalamu wa watoto, na ripoti yake ikifika mapema kwa wakubwa wa mitihani, mtoto ataongezewa muda na atakaa chumba cha peke yake na mtu wa kumsomea maswali. Alieleza mara mbili, kwa uvumilivu. Mama Chiriku aliondoka na jambo moja tu kichwani: kuna ripoti, na ripoti ikiwa nzuri mtoto atasaidiwa. Na ripoti nzuri, kwa hesabu ya kawaida ya mtu yeyote aliyewahi kupita shule, hupewa aliyefaulu.

Yeye mwenyewe shule aliipita nusu, akaiacha njiani. Herufi zilikuwa zikimchezea. Kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akimsimamisha mbele ya darasa kila asubuhi asome ubao, akishindwa anawauliza wenzake, "Huyu anazo?" na darasa zima linajibu, "Hamnazo!" Jina likamganda. Alipoanza kusuka nywele za watu, akiwa bado binti mdogo, hakuna mteja aliyemuuliza kama anazo au hanazo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na mistari yake ilinyooka, basi. Baba wa mtoto, ambaye siku hizi ana familia nyingine na afya njema, Mungu amzidishie, alikuwa akisema mkewe anaweza kusuka hata akiwa amelala.

Kwa hiyo jioni ile, wateja walipomuuliza mbona uso umemshuka, hakusema mtoto anatakiwa kupimwa akili. Angesemaje? Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye kioo kimoja na viti vitatu, na neno likitamkwa pale asubuhi, mchana limeshazunguka mtaa. Alisema, "Chiriku ana mtihani mdogo, wa pembeni." Hapo ndipo alipokosea, ingawa wakati ule aliona amejiokoa. Neno lile lilikuwa zuri mdomoni. Alilirudia kesho yake na keshokutwa, mpaka na yeye akaliamini. Na mtihani, kila mzazi anajua, mtoto hapelekwi mikono mitupu. Anafundishwa kwanza.

Chiriku mwenyewe, mwenye mtihani wake, alikuwa msichana mwembamba mwenye meno makubwa na maneno mengi. Nyumbani alikuwa anaongea tangu anapofungua macho. Aliwaiga wateja wa mama yake mmoja mmoja, namna wanavyokaa, wanavyolalamika wakivutwa nywele, mpaka wenyewe wakacheka huku wamekasirika. Jina la Chiriku walimpa wao. Lakini akivuka geti la shule alizima. Huko walimwita Bubu. Asubuhi za Jumatatu alikuwa anatapika chai yote, na mama yake, aliyejua ile chai inatapikwa kwa nini, alikuwa akimfuta mdomo bila kusema kitu na kumpa begi lake.

Msaada ulikuja wenyewe, umekaa kwenye kiti cha katikati. Kulikuwa na mteja ambaye binti yake alishapelekwa kituo kile kile, kwa sababu hakuweza kutulia kitini hata dakika moja. Binti huyo walimwita Redio. Kila alichosikia alikirudisha vilevile, pamoja na kikohozi. Mama yake alipomsikia Mama Chiriku akitaja jina la kituo, aligeuza shingo ghafla, nywele zikamponyoka msusi mkononi.

"Ule mtihani? Mbona wangu kaufanya! Anaukumbuka wote. Redio! Njoo umwambie mama mkubwa walikuuliza nini."

Redio alikuja, akasimama kwa mguu mmoja, akamwaga kila kitu. Kulikuwa na vitofali vya mbao, vyekundu na vyeupe, unaonyeshwa picha na wewe unavipanga vifanane nayo. Kulikuwa na hadithi ya dereva aliyeharibikiwa na gari darajani, unasimuliwa halafu unaisimulia wewe. Kulikuwa na sentensi ambazo mpimaji anazianza na wewe unazimalizia. Na kulikuwa na kadi ya maneno ya kusoma, mafupi juu, magumu chini. Aliyasema yote kwa pumzi moja: "Meza, bata, kofia, shamba, uzi, mlango, ng'ombe, mwanzo, nywele, msumari, kung'ang'ania, hawakumnyang'anya."

"Rudia," alisema Mama Chiriku.

Basi wakaanza. Kila jioni wateja wakishaondoka, Chiriku aliketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake na kufumuliwa nywele, ili zisukwe upya. Mama Chiriku hakuwa na ubao wala chaki, na kadi yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na kichwa cha mwanawe. Kila mstari aliusuka kwa neno lake. Mstari wa kwanza, juu ya sikio la kushoto, ulikuwa meza. Uliofuata, bata. Alisuka akitamka, mtoto akitamka naye, hadi mstari ulipofika kisogoni, kisha akahamia mwingine, mpaka juu ya sikio la kulia alipofunga hawakumnyang'anya. Chiriku akikosea, mstari ulivutwa kidogo. Baada ya wiki chache hakukosea. Alikuwa akipitisha kidole kichwani, kutoka kushoto kwenda kulia, na maneno yanatoka yamepangana.

Vitofali hawakuwa navyo, wakatumia vikopo vitupu vya mafuta ya nywele. Redio alichora picha sakafuni, Chiriku akapanga. Kisha likatokea jambo ambalo Mama Chiriku alilitazama huku mikono imesimama hewani. Chiriku alichoka na picha za Redio akatunga zake, ngumu zaidi, za pembe na pembe, na Redio hakuweza kuzipanga hata moja. Chiriku akazipanga zote mwenyewe, haraka, huku anamuiga mteja fulani anavyopiga miayo. Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi. Alijisemea, mwanangu anazo, wallahi anazo, na hakuona sababu ya kumwambia mtu.

Sentensi alizitengeneza mwenyewe. "Wakikuuliza nyumbani kwetu, sema kuna furaha na amani. Wakikuuliza shuleni mimi, sema napenda sana masomo. Usiku mimi, nalala vizuri."

"Na nikisahau?"

"Usinyamaze. Sikiliza, mama." Alimgeuza mtoto uso, akamshika mashavu. "Lolote litakalotokea mle ndani, usinyamaze. Anayenyamaza ndiye wanayemwandika hanazo. Sema yale tuliyosoma, sema kwa sauti. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kituo kilikuwa jengo la chini lenye ukuta uliopakwa rangi upya, harufu ya rangi bado iko. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, aliyevaa viatu vya kutembelea bila kelele. Mama Chiriku alimwita daktari, yeye akacheka akasema yeye si wa sindano, kazi yake ni kukaa na watoto na kuona kichwa cha kila mmoja kinafanyaje kazi, wapi kinakimbia na wapi kinakwama. Mama Chiriku aliitikia "ndiyo, daktari" kwa kila sentensi. Chiriku hakutaka mlango ufungwe, ukaachwa wazi kidogo, na mama akapewa benchi ukumbini.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa tamu. Alisikia vitofali vikigongana na kutulia. Alisikia hadithi ya dereva ikisimuliwa, na Chiriku akiirudisha neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha Redio. Alisikia mtaalamu akisema, "Nyumbani kwe—" na Chiriku akidakia, "Kuna furaha na amani!" kabla mwenzake hajamaliza. Kisha maneno. Meza, bata, kofia. Midomo ya Mama Chiriku ilikuwa inacheza pale kwenye benchi, na mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe ukashika mistari ambayo haipo. Mtoto alifika mwisho bila kugugumia. Njiani kurudi nyumbani mama alimnunulia viatu ambavyo alishamkatalia mara nyingi, na Chiriku alitembea mtaa mzima akiinua miguu ili watu wavione.

"Nimefaulu, Mama?"

"Umefaulu, mwanangu. Bado kesho kidogo tu."

Kesho yake mambo yalikuwa yaleyale, benchi lilelile, mpaka karibu na mwisho. Mtaalamu alisema, "Sasa tusome tena kidogo." Droo ilifunguliwa, ikafungwa. Kukawa na kimya kifupi. Halafu sauti ya Chiriku, kubwa na wazi: "Meza, bata, kofia, shamba, uzi—"

"Pole pole, mpenzi. Soma tena, weka kidole chini ya kila neno."

"Meza. Bata. Kofia. Shamba." Alikwenda hivyo hadi mwisho, taratibu, neno baada ya neno. Mama Chiriku alitabasamu peke yake ukumbini. Kisha akangoja mtaalamu aseme vizuri sana, kama alivyosema jana, na mtaalamu hakusema. Alimwambia tu Chiriku aende chumba cha michezo, kuna rangi na karatasi, na kwamba amefanya kazi kubwa. Alipotoka mlangoni miwani alikuwa ameishika mkononi.

"Karibu ndani, mama."

Juu ya meza ndogo kulikuwa na kadi mbili. Mtaalamu alizisogeza zikakaa sambamba. "Hii ndiyo aliyoisoma jana," alisema. "Na hii ndiyo aliyoisoma leo. Tunazo mbili ili tuweze kuhakikisha. Naomba unisomee neno la juu kabisa, la hii ya leo."

Mama Chiriku aliinama. Herufi zilianza mchezo wao wa zamani, akazishika moja moja. "Da," alisema. "Da-ra. Daraja."

"Yeye kasema meza."

Mama Chiriku alitazama la pili, na la tatu. Hakuna bata. Hakuna kofia. Mwanawe alikuwa ameweka kidole chini ya daraja akasema meza, ameweka chini ya kila neno na kusema neno jingine, kwa sauti, kwa kujiamini, mara mbili.

"Alikuwa ameweka mkono mmoja kichwani," alisema mtaalamu. "Jana nilidhani anajikuna. Mama, nani alimfundisha?"

Kwanza alijifanya hajui. Akasema watoto wa siku hizi wana mambo. Mtaalamu hakumbishia, alimngoja, na huko kungoja ndiko kulikomshinda. Akaeleza yote, mistari, vikopo, Redio, akaeleza haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangukia.

"Si ulikuwa mtihani?" alimalizia. "Nani anampeleka mtoto kwenye mtihani bila kumwandaa?"

"Hakikuwa mtihani, mama. Hakuna kufaulu hapa. Nilikuwa natafuta anapokwama."

"Basi si umepaona? Hajui kusoma. Andika hivyo, asaidiwe!"

Mtaalamu alivaa miwani, akaivua tena. Tumpe haki yake, ilimuuma kusema. "Hilo naweza kuandika. Lakini wale wakubwa wa mitihani hawampi mtoto msomaji kwa kuwa tu hajui kusoma. Wanataka niwathibitishie kwamba akili yake ni nzima kabisa, na tatizo liko kwenye kusoma peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya vitofali na ile hadithi. Navyo amefanya vizuri mno. Ila sasa sijui kipi ni chake na kipi amekaririshwa."

"Vitofali ni vyake!" Mama Chiriku alisimama. "Nakuapia. Alitunga vya kwake nyumbani, vigumu kuliko hivi, mwenzake akashindwa. Niliona kwa macho yangu."

"Nakuamini."

"Basi andika!"

"Siwezi kuandika ulichoona wewe, mama. Lazima nione mimi, kwa kitu ambacho yeye hajawahi kukiona. Na vifaa tulivyo navyo ni hivi tu. Mtoto akishavijua, inabidi tungoje mwaka mzima ndipo tumrudie."

"Mtihani wake ni mwaka huu."

"Najua."

Mama Chiriku aliomba. Alisema aandikwe yeye kwamba ndiye mwenye kosa, aandikwe jina lake lote, mtoto aachwe. Alisema yeye mwenyewe waliwahi kumwita hamnazo, na hakutaka mtoto wake aitwe hivyo, ni hilo tu, hakuwa na lingine. Mtaalamu alimshika mkono. Alisema ataandika barua kwa mwalimu, atampa mazoezi ya kusoma, mwakani wataanza upya. Yote hayo yalikuwa maneno mazuri na hakuna hata moja lililomfikisha Chiriku kwenye chumba cha peke yake chenye mtu wa kumsomea maswali. Atakaa na wenzake, karatasi mbele yake, kimya, mpaka kengele ilie. Na kitakachofuata baada ya hapo Mama Chiriku alikijua, maana alikuwa akikiishi.

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, na barabarani magari yalikuwa yamepangana yakipiga honi. Chiriku alikuwa na rangi ya kijani kwenye kidevu na viatu vyake vipya miguuni, lakini hakuviinua. Alitembea kando ya mama yake bila kuongea, na kwa Chiriku hilo halikuwa jambo dogo. Walipofika karibu na duka la kona alisema, "Daktari amekasirika."

"Hajakasirika."

"Amekasirika kwa sababu ile haikuwa yenyewe."

Mama Chiriku alisimama. "Nini haikuwa yenyewe?"

"Kadi. Ile ya jana neno la juu lilikuwa fupi. La leo lilikuwa refu, halafu lina herufi yenye mkia unaoshuka chini. Na la mwisho leo lilikuwa fupi kuliko la jana. Nilijua si yenyewe, Mama. Nilijua palepale alipoitoa kwenye droo."

Watu walikuwa wanawapita. Mwenye duka alikuwa anawatazama. Mtoto asiyeweza kusoma hata neno moja alikuwa amezitazama kadi mbili, siku mbili tofauti, kwa muda wa kupepesa macho, akakumbuka sura ya kila moja na kujua zimebadilishwa. Hakufundishwa na mtu. Redio asingeweza, wala yeye mwenyewe.

"Sasa kama ulijua, mbona uliyasema?"

Chiriku alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si uliniambia nisinyamaze?"

Furaha na uchungu vilimpanda Mama Chiriku kwa pamoja. Alimshika mtoto mkono, akageuka, akaanza kurudi walikotoka, mbio mbio, akimburuta. Mtaalamu atakuwa bado yupo. Atasikia mwenyewe, kwa masikio yake, kitu ambacho hakimo kwenye vitofali wala kwenye hadithi. "Twende ukamwambie," alisema. "Twende ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Sawa," alisema Chiriku. Alikuwa akikimbia kidogo ili aende sambamba naye, na tayari mkono mmoja ulikuwa umeshapanda kichwani, juu ya sikio la kushoto. "Nikifika nianze kusema nini? Nifundishe."

Mama Chiriku aliendelea hatua chache zaidi, kisha akasimama. Alikaa chini ukingoni mwa barabara, mbele ya watu wote, akalia, na mtoto akasimama mbele yake akingoja kuambiwa.